Hakuna aliyedanganya, maswali ndo hayakufanana

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Mtaalamu, naandika ripoti ya chuo kuhusu watu wanasemaje serikali ikitaka kubana enkripsheni, yaani ule ufungaji wa data ili asiye na ufunguo asizisome. Nimekuta tafiti mbili za Marekani, zote za Februari 2016, moja inasema wengi wanataka Apple ifungue ile simu ya muuaji wa San Bernardino, nyingine inasema wengi wako na Apple. Ipi inadanganya? Alafu hivi watu wanajali faragha kweli au ni maneno tu, mbona kila mtu anabonyeza 'nakubali' bila kusoma? Na mimi nataka niwaulize wenzangu darasani, nisije nikaharibu."

Mkuu, hakuna inayodanganya. Zote mbili zimefanywa na watu wanaoijua kazi yao, na ukinielewa hapo basi ripoti yako imeshafika katikati.

Tuanze na kesi yenyewe maana wengi wanaikumbuka juu juu. Tarehe 2 Desemba 2015 mtu na mkewe waliwamiminia watu risasi huko San Bernardino, California, wakafa 14. Wenyewe wakauawa na polisi siku hiyo hiyo, na mwanaume akaacha iPhone 5C aliyopewa kazini. Simu ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri na FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waliogopa kubahatisha, kwasababu iPhone ina mpangilio ambao ukiwashwa, ukikosea namba mara 10 inafuta kila kitu. Tarehe 16 Februari 2016 hakimu akaiamuru Apple isaidie, na hapa naomba usimame kidogo. Apple haikuambiwa lete ufunguo, maana ufunguo haikuwa nao. Iliambiwa itengeneze programu mpya kabisa ya kupandikizwa kwenye ile simu, izime ule mpangilio wa kufuta na ule wa kuchelewesha kati ya jaribio na jaribio, ili FBI waunganishe kompyuta ijaribu namba moja moja mpaka ipatikane. Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu, kompyuta inaimaliza fasta sana. Apple ikagoma, bosi wake wa wakati huo Tim Cook akaandika barua ya wazi kwa wateja, na watu wakaanza kubishana kila kona.

Haya, Pew, taasisi ya utafiti wa maoni ya Marekani, wakawapigia watu simu kati ya tarehe 18 na 21 Februari: 51% wakasema Apple ifungue, 38% wakasema isifungue, waliobaki hawajui. Siku chache tu mbele wakaja shirika la habari la Reuters na kampuni ya tafiti ya Ipsos: 46% wako na Apple, 35% wanaipinga, 20% hawajui. Sasa ukiweka hizo namba pembeni ukasoma maswali, unaona mchezo wote. Pew walimwambia mtu kitu kama: FBI wanasema kuingia kwenye simu ni muhimu kwa upelelezi, Apple wanasema kufungua kunaweza kuhatarisha usalama wa watumiaji wengine, we unaonaje, ifunguliwe au isifunguliwe? Kila upande ukapewa kasentensi kake. Reuters na Ipsos wao wakaeleza wasiwasi wa Apple kwa kirefu, kwamba ikisaidia leo, kesho italazimishwa kwenye kesi nyingine zisizohusu hata usalama wa taifa, na wadukuzi watapata pa kupitia, alafu ndo wakauliza, unakubaliana na uamuzi wa Apple kuipinga amri ya mahakama? Mmoja kauliza kuhusu simu ya muuaji, mwingine kauliza kuhusu kesho yako wewe. Ndo maana majibu yamegeuka.

Na ona hata neno "kufungua" lenyewe. Ukisikia kufungua unapata picha ya fundi anazungusha ufunguo wa mlango mmoja, basi. Nimeshakueleza kilichoombwa hakikuwa hivo, kiliombwa chombo ambacho hakikuwepo duniani. Sasa niambie, ungeuliza "je Apple ilazimishwe kuandika programu ya kuvunja ulinzi wake yenyewe", ungepata 51%? Mi nadhani usingepata, ila hilo ni dhana yangu, usiliweke kwenye ripoti kama takwimu.

Usidhani hii ni bahati mbaya ya mwaka 2016. Julai 2013, wiki chache baada ya Edward Snowden kutoboa siri za NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano, Pew walifanya kitu ambacho natamani kila mtu anayesoma tafiti akijue. Walichukua swali moja kuhusu serikali kukusanya data za simu na intaneti wakaligawa matoleo mbalimbali, kila kundi la watu likapewa toleo lake, wenyewe hawajui kama wenzao wanaulizwa tofauti. Waliosikia kwamba mahakama imeidhinisha, 37% waliunga mkono. Ambao mahakama haikutajwa kabisa, 25%. Waliotajiwa kwamba ni kwa ajili ya kupambana na ugaidi 35%, wasiotajiwa 26%. Programu ni ile ile, wiki ile ile, nchi ile ile, unaongeza maneno mawili matatu unapata asilimia 12 za bure. Kwa hiyo mwanasiasa akisimama akasema "wananchi wanataka" au "wananchi wanakataa", swali langu la kwanza huwa wananchi waliulizwaje bana, nisomee lile swali neno kwa neno.

Utasema basi tafiti zote ni uongo. Hapana, usifike huko. Kuna mambo ukimuuliza mtu hata ukibadilisha maneno anakujibu kile kile, kwasababu ameshaliishi. Muulize kama amewahi kuumwa jino. Lakini enkripsheni mtu anaitumia kila siku bila kuiona, anatuma meseji inafika, inatosha. WhatsApp waliiwashia watumiaji wao wote zaidi ya bilioni moja mwaka 2016 na wengi waliona tu kibandiko cha njano kwenye chati wakaendelea na stori zao. Mwaka 2017 Pew waliwapa Wamarekani wanaotumia intaneti mtihani mdogo: 33% tu ndo walijua ile https kwenye anwani ya tovuti maana yake data zinasafiri zikiwa zimefungwa, na 10% tu ndo waliweza kuutambua mfano sahihi wa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na hakikisho la pili kama namba ya kutumiwa kwenye simu. Siwacheki, mtu ana kazi zake, watoto wake. Ila ukimuuliza mtu jambo ambalo hajawahi kulifikiria, hana jibu lililotulia kichwani, analitengeneza pale pale kwa malighafi uliyompa wewe ndani ya swali. Ukimpa gaidi atajenga na gaidi, ukimpa mdukuzi atajenga na mdukuzi.

Kuna tatizo lingine juu ya hilo. "Serikali iweze kusoma meseji za wahalifu" sio jambo moja, ni mambo matatu manne yamevaa shati moja. Enkripsheni ya mwanzo hadi mwisho maana yake funguo ziko kwenye simu yako na ya unayeongea naye, kampuni katikati inapitisha mzigo uliofungwa. Ukitaka polisi wasome, unaweza kulazimisha nakala ya ufunguo itunzwe mahali. Unaweza kulazimisha kampuni imwingize mtu wa tatu kwenye chati kimya kimya. Unaweza kulazimisha simu yenyewe ikague picha na maneno kabla hayajafungwa, Apple walitangaza mpango wa namna hiyo Agosti 2021 kwa ajili ya picha za unyanyasaji wa watoto, kelele zikawa nyingi, Desemba 2022 wakauacha. Au unaacha enkripsheni kama ilivyo unaidukua simu ya mshukiwa mmoja mmoja. Kila njia ina bei yake na ina wa kuilipa. Utafiti ukiuliza tu "unaunga mkono polisi wapate meseji zilizofungwa" umezichanganya zote kwenye sufuria moja, na jibu linalotoka hata waziri hajui alipeleke wapi.

Ushahidi kwamba maelezo yanabadilisha watu tunao tangu zamani. Aprili 1993 serikali ya Clinton ilitangaza Clipper, chipu ya kuwekwa kwenye simu, inafunga mazungumzo vizuri tu lakini ufunguo wake unagawanywa vipande viwili vinatunzwa na idara mbili za serikali, polisi wakiwa na kibali wanaviunganisha. Machi 1994 gazeti la Time na CNN wakauliza Wamarekani 1,000: theluthi mbili walisema faragha ya simu ni muhimu kuliko uwezo wa polisi kutega simu na kusikiliza, na walipoelezwa Clipper ni kitu gani 80% wakaipinga. Asilimia themanini mkuu, namba ya namna hiyo kwenye mambo haya huipati kirahisi. Mwaka ule ule Matt Blaze, mtafiti wa kampuni ya simu ya AT&T akaonyesha ule mfumo wa kutunza ufunguo unaweza kuzungukwa, na Clipper ikafa taratibu.

Alafu ikaja Septemba 2001. Siku mbili tatu tu baada ya yale mashambulizi, utafiti mmoja ukakuta 72% wanaona sheria za kubana enkripsheni zingesaidia kwa kiasi au sana kuzuia yasijirudie. Tena nisikilize vizuri hapa, "zingesaidia" sio "naziunga mkono", watu wengi wakinukuu hii wanaruka hiyo tofauti. Lakini hali ya hewa ilikuwa imebadilika kweli, hilo siwezi kukubishia, moshi ulikuwa bado haujakata. Hofu ikiwa mbichi watu wanatoa vitu ambavyo wakitulia wanavidai virudi. Angalia baada ya Snowden: Pew walikuwa na swali moja la kuunga mkono au kupinga ukusanyaji wa data wa serikali, Julai 2013 50% waliunga mkono na 44% wakapinga, Januari 2014 swali hilo hilo likaleta 40% kwa 53%. Miezi sita. Utakutana pia na 56% ya Juni 2013 waliosema NSA kufuatilia rekodi za simu inakubalika, na utatamani uiweke mwanzoni mwa mchoro ionekane mteremko mzuri, 56, 50, 40. Usifanye hivo! Hiyo 56 ina maneno yake, sio swali lile. Nimeona watu wazima na digrii zao wakifanya kosa hili.

Sasa hilo la pili, wanajali au wanasema tu. Hapa nina maoni makali kidogo, samahani. Watu wakiona mtu anasema anajali faragha alafu anatoa tarehe ya kuzaliwa apate punguzo la bei, wanahitimisha ni mnafiki. Kuna jaribio la mtafiti wa mambo ya faragha Alessandro Acquisti na wenzake lililotoka 2013 linaloharibu hitimisho hilo. Waliwapa watu kadi za zawadi, moja ya dola 10 ambayo manunuzi yake hayafuatiliwi, nyingine ya dola 12 ambayo yanahusishwa na jina lako. Waliopewa kwanza ile ya dola 10 na kuruhusiwa kubadilisha, zaidi ya nusu walibaki nayo, yaani waliacha dola 2 walinde faragha. Waliopewa kwanza ile ya dola 12, ni kama mmoja kati ya kumi tu aliyebadilisha achukue ya siri. Kadi ni zile zile, tofauti ya pesa ni ile ile. Kinachobadilika ni pale mtu alipoanzia, akikuta faragha ipo mkononi anaishikilia, akikuta imeshachukuliwa hahangaiki kuinunua. Na sisi wote siku hizi tunakuta imeshachukuliwa.

Ndo maana hiyo "nakubali" isikupotoshe. Pew wa 2023 wanasema 56% ya Wamarekani mara nyingi wanabonyeza bila kusoma, ndiyo, lakini kwenye utafiti wao wa 2019 62% walisema hawaoni namna ya kuishi siku nzima bila kampuni kukusanya data zao, na 81% walisema hawana usemi au wana kidogo sana juu ya kinachokusanywa na kampuni. Ukisoma hizo pamoja huoni mtu asiyejali, unaona mtu aliyekata tamaa. Wa kukata tamaa na asiyejali wanabonyeza kitufe kile kile.

Kuna kitu kingine wanafunzi wengi wanakiita mkanganyiko na mi sikioni hivo. Huo utafiti wa 2023 unaonyesha 71% wana wasiwasi serikali inavyotumia data zao, imepanda kutoka 64% mwaka 2019, na papo hapo 72% wanataka kampuni ziwekewe sheria zaidi ya zilizopo. Wanaiogopa serikali alafu wanaiomba iingilie? Mbona inaeleweka tu, unaweza kumtaka askari amkamate mwizi wa jirani na bado hutaki askari huyo awe na ufunguo wa chumba chako. Sheria ya kumbana anayekusanya na sheria ya kudhoofisha kufuli ni vitu viwili, japo kwenye vichwa vya habari vyote vinaitwa "serikali na faragha". Kwenye ripoti yako vitenge mapema kabisa, la sivyo utachanganyikiwa ukifika ukurasa wa tatu.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Polisi wanaolalamika sio wajinga, kuna kesi za watoto wananyanyaswa ambazo ushahidi uko ndani ya simu iliyofungwa na mpelelezi anaiangalia tu mezani. Pendekezo la Kamisheni ya Ulaya la Mei 2022 la kutaka huduma za meseji zilazimishwe kutafuta picha hizo halikutoka hewani. Watu wakiulizwa kuhusu watoto wanaitikia kwa nguvu, na wana haki.

Ila kuna swali moja ambalo utafiti wa maoni hauwezi kulijibu hata ukihoji dunia nzima, nalo ni kama mlango wa uani, yaani njia ya siri ya kuupita ulinzi, unaweza kujengwa ukapitwa na polisi peke yao. Hilo ni la uhandisi, na historia yake imeshaandikwa. Ugiriki, mwaka 2004 hadi 2005, watu wasiojulikana waliingia kwenye mitambo ya Vodafone wakatumia kipengele kile kile kilichowekwa kwa ajili ya utegaji halali, wakasikiliza simu zaidi ya 100 ikiwemo ya waziri mkuu Kostas Karamanlis. Miaka ya 90 Marekani ilikataza kuuza nje enkripsheni kali, kwa hiyo programu zikawekewa na funguo dhaifu za kuuzia wageni, sheria ikalegezwa, watu wakasahau, mwaka 2015 watafiti wakakuta vivinjari na serva nyingi bado zinaweza kulazimishwa kurudi kwenye zile funguo dhaifu, na waathirika wakiwemo Wamarekani wenyewe. Na 2024 ndo kichekesho kikubwa, wadukuzi wanaohusishwa na China waliingia kwenye kampuni za simu za Marekani mpaka kwenye mifumo ya utegaji wa amri za mahakama, na Desemba maofisa wa FBI na wa CISA, ile idara ya usalama wa mtandao, wakawashauri wananchi watumie meseji zenye enkripsheni. FBI hao hao wa 2016. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo Februari 2024, kwenye kesi ya Podchasov dhidi ya Urusi, ikasema kulazimisha huduma idhoofishe enkripsheni kwa wote ni kuvuka mpaka wa faragha. Mwaka uliofuata, Februari 2025, Apple ikaiondoa huko Uingereza ile huduma yake ya kufunga nakala za iCloud mwanzo hadi mwisho, baada ya habari kwamba serikali imeidai njia ya kuingilia. Kwa hiyo mjadala haujaisha, upo hai kabisa.

Sasa darasa lako. Usiwaulize "unaunga mkono enkripsheni", kila mtu atasema ndiyo ili asionekane mshamba. Wagawe makundi mawili kwa kura, karatasi zifanane ila swali moja tu libadilike. Kundi la kwanza liulize kama kampuni ilazimishwe kuwapa polisi wenye kibali cha mahakama meseji za mshukiwa. La pili uliza hivyo hivyo, uongeze kwamba ili iwezekane lazima ulinzi wa watumiaji wote ubadilishwe, na wadukuzi wakiigundua njia hiyo wanaweza kuipita. Weka na kisanduku cha "sijui", tena kionekane, usikifiche chini kwa maandishi madogo, maana kwenye swala hili "sijui" ni jibu la heshima. Swali la kupima uelewa liweke mwisho, ukiliweka mwanzo watajihisi wako kwenye mtihani na watajibu kama wako kwenye mtihani. Na maneno ya swali yaandike kwenye ripoti yote kama yalivyo, juu ya jedwali, sio kwenye kiambatisho ambacho mwalimu hafungui.

Na usisahau kuandika ile simu iliishia wapi, maana wengi wanaishia kwenye kura. Tarehe 28 Machi 2016 FBI waliiondoa kesi mahakamani, kuna mtu wa nje alikuwa ameshawauzia njia ya kuingia. Hizo tafiti mbili za Februari ziliuliza Apple isaidie au isisaidie. Serikali kununua tundu kimyakimya bila kumwambia mtengenezaji, hilo halikuwemo kwenye swali la yeyote kati yao, ukitaka kitu kipya cha kuwauliza wenzako anzia hapo.